Katuni Iliyoishia Harusini kwa Shangazi

Filamu niliyoipenda kuliko zote utotoni ina dakika hamsini na moja za katuni na dakika ishirini na tatu za harusi ya shangazi yangu. Mpaka nafika darasa la tano nilidhani ndivyo ilivyotengenezwa. Nilishawahi kuvutana nywele na mwenzangu shuleni kwa sababu alisema ameiona filamu hiyohiyo kwao, na mwishoni hakuna mtu yeyote wa ukoo wangu. Nilimwona mwongo, tena mwongo mwenye wivu.

Nieleze ilivyokuwa, maana ukoo wetu una kipaji cha kuharibu kitu kwa nia njema.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kukodisha kanda za video. Alikaa nyuma ya kaunta akiandika nani kachukua nini, na kugombana na watu wanaoleta kanda bila kuirudisha mwanzo. Siku ya harusi yake aliamka na wazo la busara: watoto wa nyumba hii wakiachwa huru, gauni jeupe halifiki saa sita likiwa jeupe. Akatuletea katuni ya dukani. Mimi nilikuwa na miaka sita, kaka yangu tisa. Tukaketishwa mbele ya deki, tukaambiwa atakayesimama atakiona cha mtema kuni.

Katuni yenyewe ilisema lugha ya kigeni, lakini Shangazi alitusimulia mkasa wote kwanza, kichwa chake kimeinamishwa na msusi. Bintimfalme mmoja alimuudhi mchawi, mchawi akamfungia ndani ya nyumba ya vioo katikati ya msitu. Watu wanamwona, na yeye anawaona, ila mlango haufunguki. Utafunguka siku atakapogonga mtu asiye na shida naye yoyote.

"Shida gani?" niliuliza.

"Yoyote," alisema Shangazi. "Asiyetaka maji ya kunywa, asiyetaka kuazima sufuria. Amekuja tu."

Basi hatukuhitaji mkalimani tena. Tulimwona mchawi, tukaiona nyumba ya vioo, na tukamwona bata bukini mmoja mpumbavu aliyeizunguka nyumba hiyo tangu mwanzo akidonoa kioo, ko, ko, ko, bila sababu yoyote. Kaka alimchukia bukini yule kwa moyo wote. Sisi tulimngoja mwana wa mfalme, na mwana wa mfalme alikuja kwa raha zake, akavuka mito na milima juu ya farasi mweupe, mpaka dakika ya hamsini na moja akafika, akashuka, akainua mkono kugonga. Hapo hapo Mama akaingia, akabonyeza kitufe, akatufukuza tukavae.

Huku nje mpiga picha za video alikuwa amemaliza kanda yake kabla bibi harusi hajatoka hata chumbani, kwa sababu alitumia saa nzima kupiga picha wageni wakila. Akaja kuuliza kama nyumba hii ina kanda ya akiba. Baba alikuwa mtu asiyeweza kusema hapana kwa mtu mwenye mashine begani. Akaichomoa iliyokuwa kwenye deki. Mpiga picha akaigeuza, akakuta kile kijino, ambacho kikivunjwa kanda haikubali kurekodiwa tena, kimeshavunjwa, akaziba kitundu kwa selotepu na kazi ikaendelea. Hakuna aliyekumbuka kuirudisha mwanzo, na ndiyo sababu mwana wa mfalme akabaki na mkono hewani.

Sasa tazama alichokiona mtoto wa miaka sita. Mkono unainuka, kidole kinakaribia kioo, skrini inajaa chenga, krrr, na mlango unafunguka: mlango wa gari. Anatoka Shangazi, amevaa nyeupe, watu wanapiga makofi. Ningefikiri nini? Kwamba mwana wa mfalme amenenepa kidogo njiani, amefuga masharubu, na kila baada ya muda anatazama saa, sikuona ajabu. Safari ilikuwa ndefu.

Huyo mwenye masharubu alikuwa msoma mita za maji. Kazi yake ilikuwa kugonga milango ya watu, na ndivyo alivyompata Shangazi. Wakakaa miaka miwili. Halafu siku moja akapangiwa kusoma mita upande wa pili wa mji, akaona maji ya huko ni matamu zaidi, hakurudi. Shangazi akarudi kwetu na sanduku moja, akalala chumba kimoja na mimi.

Hapa nafika mahali ninapoona aibu, na nitapasema hivyohivyo. Kila Jumamosi tuliweka kanda ile. Na kila ilipokaribia dakika ya hamsini na moja tulipiga kelele kuelekea jikoni: "Shangazi, njoo! Njoo, unatoka!" Naye alikuja, na kisu na kitunguu alichokuwa anamenya, akakaa kwenye mkono wa kochi, akajitazama akishuka kwenye gari. Kaka alikuwa mtu wa kupanga watu tangu utotoni. Akamtaka asimame karibu na televisheni, awapungie wageni mkono sambamba na yule wa ndani. Shangazi akasimama, akapunga. Jumamosi baada ya Jumamosi, karibu miaka minne. Mama alikuwa anaongeza sauti ya redio jikoni. Baba alitoka nje kuangalia bati ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mtu wa kutuambia "acheni" hakutokea.

Nilipofika miaka kumi na miwili Baba alifariki, na kanda ikageuka kitu kingine. Kwa sababu kwenye dakika ya sitini na mbili, nyuma ya meza ya keki, Baba anacheza. Anacheza vibaya, mabega yote mawili juu, sekunde arobaini kamili. Hakuna picha nyingine duniani ambamo Baba anatembea. Tangu hapo hatukuiweka tena kila wiki. Mimi ndiye niliyeitunza, na baadaye nikahama nayo, ikawa kwenye droo ya karakana yangu chini ya zipu na vifungo.

Mimi ni fundi wa magauni ya harusi. Cheka ukipenda.

Mwaka huu Shangazi alikuwa anatimiza miaka sitini. Kaka yangu siku hizi ni mwalimu mkuu msaidizi, na nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hawezi kuona watu watatu wamekaa pamoja asiwaundie kamati. Akafungua kundi kwenye simu, akaliita Siri ya Sitini, akatuunganisha ukoo mzima kwa pigo moja. Ikapangwa: ukumbi mdogo nyuma ya shule, keki, wageni hamsini, na Shangazi asijue kitu mpaka aingie mlangoni. Kilele cha siku, Mwenyekiti aliandika kwa herufi kubwa, ni FILAMU YETU kwenye ukuta, kwa projekta ya shule. Katuni, halafu harusi, halafu Baba. Watu wakamwaga mioyo myekundu pale mpaka simu yangu ikapata moto. Nami nilimwaga. Tena mimi ndiye niliyejitolea kuipeleka kanda kwa fundi ahamishe picha ziingie kwenye kompyuta.

Fundi huyo ana kibanda kilichojaa redio zilizofumuliwa, na deki moja ya zamani anayoilinda kuliko mkewe. Aliniruhusu nikae pembeni ya benchi wakati inahama. Nilikuwa na pini bado kwenye kola ya blauzi. Nikacheka nilipomwona bukini. Nikashika pumzi mkono ulipoinuka, ingawa nina miaka thelathini na minane. Chenga, krrr, gari. Na kwa mara ya kwanza nikamtazama Shangazi kwa jicho la kazi yangu: gauni limebana mgongoni, limekamatwa na pini tatu, aliyelishona alichukua vipimo akiwa na haraka.

"Huyu bibi harusi ni nani yako?" Fundi aliuliza.

"Shangazi yangu. Tunamfanyia sherehe ya miaka sitini. Tutamwonyesha hii, hajui."

"Hongera zake. Na bwana yupo?"

"Aliondoka. Miaka thelathini sasa. Ana familia nyingine."

Fundi akabonyeza kitufe, picha ikasimama. Akanigeukia na bisibisi mkononi.

"Mama, samahani, mimi siwajui," alisema. "Mnamwita ukumbini, mbele ya watu, mumwekee harusi na mwanamume aliyemkimbia? Amewakosea nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba yeye haelewi, kwamba hii ni filamu yetu, kwamba Shangazi mwenyewe alikuwa anapunga mkono. Nikajisikia nikiyasema hayo kichwani, nikaufunga mdomo. Miaka thelathini na miwili, ukoo mzima wenye walimu na wahasibu, na aliyeona ni mtu wa bisibisi ambaye hajatufahamu hata saa moja. Uso uliniwaka moto kama pasi.

Nikampigia Mwenyekiti papo hapo.

"Harusi haiwezekani," nilimwambia. "Tumwonyeshe kitu kingine."

"Ajenda ilishapita."

"Kaka, hebu fikiria. Ungekuwa wewe."

Akasema, bila sauti ya uenyekiti, "Baba yumo. Mimi yule msoma mita simtaki, afie mbali. Nataka kumwona Baba akicheza ukutani, mkubwa, nusu ya ukuta. Mara moja tu. Unanielewa?"

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililokuwa baya. Nilikata simu, nikaenda kwa Shangazi.

Anakaa vyumba viwili, peke yake, nyumba ya mwisho kwenye uchochoro wenye bomba linalovuja. Kwake kuna kila kitu ambacho sisi wengine hatuna: ngazi ndefu, pasi ya mvuke, sufuria za shughuli, dawa ya mende, subira. Kwa hiyo mlango wake haupoi. Na sisi tuna adabu zetu. Mtu hasemi alichofuata. Anasema amekuja kusalimia tu, anakunywa chai, anauliza afya ya magoti, na anapofika mlangoni kuaga ndipo anajipiga paji la uso: "Ah, Shangazi, nilitaka kusahau..."

"Shikamoo Shangazi," nilisema. "Nimekuja kukusalimia tu."

"Marahaba. Ngazi iko nyuma ya mlango."

"Sikufuata ngazi."

"Pasi basi, ila waya wake uufunge vizuri, juzi kaka yako ameirudisha imenyongwa."

"Shangazi, sikufuata kitu."

Akanitazama juu ya miwani. "Mgonjwa?"

Nikaketi. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yakapotea yote, nikamwaga mtama bila mpangilio: sherehe, ukumbi, ukuta, kanda. Nikamwambia samahani kwa kuivunja siri, lakini siwezi kukaa na jambo hili moyoni mpaka Jumamosi.

"Siri gani?" alisema Shangazi. "Kaka yako aliniunganisha tangu siku ya kwanza."

"Kwenye nini?"

"Kwenye hilo kundi lenu. Alichukua majina ya ukoo wote, na mimi ni wa ukoo. Nasoma kila siku. Hata keki nilipiga kura, nilibonyeza dole gumba kwenye ile ya limau."

Nikakumbuka: kura za keki zilizidi moja, na Mwenyekiti alitutumia ujumbe mrefu kuhusu nidhamu ya kupiga kura mara mbili. Wiki tatu nzima tulikuwa tunamficha mwanamke mambo huku tukimtumia hayohayo kwenye simu yake.

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Mlikuwa mnanisema vizuri. Nikaona niwaache mmalize."

Sikuwa na pa kuangalia. Nikaangalia mikono yangu, na nikiwa naiangalia nikamwomba msamaha wa zile Jumamosi. Kumwita kutoka jikoni. Kumsimamisha apunge. Nilisema tulikuwa watoto, halafu nikasema hiyo siyo sababu.

Shangazi alimimina chai kwanza, akaijaza mpaka ukingoni kama kawaida yake.

"Iliuma," alisema. "Usije ukadhani haikuuma. Nilikuwa nikisikia farasi anakaribia, nachukua kitunguu nimenye, machozi yapate sababu." Akasukuma kikombe kuelekea kwangu. "Lakini nikuambie. Nilikuwa nimerudi kwa kaka yangu na sanduku. Mama yako alinivumilia, baba yako alinihurumia, majirani walinihesabu. Katika nyumba ile ni nyinyi wawili tu mliopiga kelele ya furaha nikitokea. Basi nikaja. Ndiyo hivyo."

Nilikunywa chai ikiwa ya moto hivyohivyo, nikaungua ulimi, nikaona nastahili.

"Wekeni katuni," alisema baadaye, akiwa ameshaamua. "Yule kijana akiinua mkono agonge, simamisheni hapohapo. Gari silitaki, na masharubu siyataki. Mwisho nitausema mimi."

"Unaujua mwisho?"

"Mwanangu, nilikaa dukani pale miaka minne. Nani mwingine angeujua?"

Nilishangaa kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa na kiu ya mwisho ule, na mwenye nao alilala kitanda cha pili chumbani mwangu, wala sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilidhani nimeshauona.

"Nikishamaliza," aliongeza, "mniwekee kaka yangu. Peke yake, anapocheza tu. Mimi pia nina hamu naye."

Fundi alikata kama alivyoagizwa, akaweka sekunde arobaini za Baba kando. Ila faili lile refu lilibaki na vyote, maana Mwenyekiti hakutaka likatwe, na aliapa kwamba atakaa mwenyewe kwenye kompyuta na kusimamisha mahali panapotakiwa. "Mimi ni mwalimu," alisema. "Kusimamisha ndiyo kazi yangu."

Jumamosi saa tisa mchana tulifunga mapazia ya ukumbi. Shangazi aliingia, watu wakapiga kelele, naye akashika kifua na kuonyesha mshangao mkubwa mno, mpaka nikaogopa watagundua anaigiza. Akaketishwa kiti cha mbele. Keki ya limau ilikuwa mezani. Taa zikazimwa na bintimfalme akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, rangi zimefifia na mistari inapita usoni. Watoto wa siku hizi wamezoea katuni zinazokaribia kukugusa. Wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Bukini akadonoa. Ko, ko, ko.

Mimi nilisimama karibu na Mwenyekiti. Farasi alipovuka mto wa mwisho nikamgusa bega. Akaitikia kwa kichwa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Mwana wa mfalme akashuka, akainua mkono, na nikamwona kaka yangu: mdomo wazi, macho yamejaa machozi, ana miaka tisa. Kidole chake kilibaki hewani sawasawa na kile cha ukutani. Alikuwa anamngoja Baba.

Chenga zikajaa ukuta mzima. Gurudumu la gari likaanza kuingia.

Sikufikiri. Niliinama nikang'oa waya mkubwa kutoka ukutani, na kwa kuwa kamati ilikuwa imeunganisha kila kitu kwenye waya mmoja, ikazima picha, vikazima vipaza sauti, feni, na friji ya vinywaji. Giza na joto. Mtu akasema, "Umeme umekatika!" Mwingine akaanza kulaumu shirika la umeme, kwa uzoefu.

"Kaeni," sauti ya Shangazi ilisema. "Umeme upo. Nani anataka kujua ilivyoisha?"

Watoto wote walitaka. Mtu akavuta pazia moja, mwanga ukamkuta Shangazi amesimama mbele ya ukuta mtupu, mkoba mkononi.

"Mwana wa mfalme akagonga," alisema. "Mlango kimya. Akagonga tena, kimya. Kwa nini?"

"Umefungwa!" mtoto mmoja alisema.

"Kwa sababu ana shida. Anatafuta mke. Mlango ule haumfungulii mwenye shida. Akagonga mara ya tatu, akachoka, akapanda farasi wake akaenda zake. Wala hakuwa mtu mbaya." Akahamishia mkoba mkono wa pili. "Sasa, mmemwona yule bukini?"

Walikuwa wamemwona.

"Bukini alikuwa anataka nini?"

Wakafikiri. Binti mdogo wa Mwenyekiti akasema hakutaka kitu, alikuwa anadonoa tu.

"Haya. Kwa hiyo mlango ulifunguka lini?"

Watoto wakatazamana. Shangazi hakuwaharakisha.

"Tangu mwanzo," alisema. "Bukini alipodonoa mara ya kwanza ulifunguka. Bintimfalme hakujua, maana hakuusukuma. Alikuwa anaangalia barabara, anangoja farasi. Mwana wa mfalme alipoondoka, akakasirika, akaupiga mlango teke, ukafunguka. Akatoka. Alikuwa na njaa, akaenda kutafuta chakula."

"Hakuolewa?" aliuliza binti wa Mwenyekiti.

"Filamu iliishia hapo."

Makofi yakapigwa, kwanza na watoto, kisha na wanawake, na mwishowe na wanaume waliokuwa bado hawajaelewa. Nikachomeka waya. Mwenyekiti akaweka kile kipande kifupi, na Baba akajaza nusu ya ukuta, mabega juu, akicheza vibaya. Kaka yangu alilia kwa sauti mbele ya kamati yake yote. Shangazi hakulia. Alisogea mpaka karibu na ukuta, akasimama pembeni ya kaka yake, na mimi nikaona wanalingana kimo.

Hadithi ingeishia hapo vizuri, lakini yule fundi wa bisibisi hana dogo. Wiki iliyofuata alinitumia filamu nzima, safi, ameipata mahali kwenye mtandao. "Ujionee mwisho," aliandika.

Nilikuwa karakana, namngoja mteja aje kujaribu gauni. Nikaweka spika za masikioni. Lugha ile ya kigeni niliisoma shuleni, naielewa vya kutosha, ila kwenye kanda yetu chakavu maneno yalikuwa yameshamezwa na mikwaruzo. Dakika ya tatu mchawi anafunga nyumba ya vioo na kutamka sharti lake. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikarudisha mara ya tatu. Hakuna shida, hakuna sufuria, hakuna maji ya kunywa. Mchawi anasema tu kwamba mlango utafunguka siku atakapogonga mwana wa mfalme. Nikaruka hadi mwisho. Mwana wa mfalme anagonga, mlango unafunguka, bintimfalme anatoka, halafu yuko harusini na gauni jeupe, anashuka kwenye gari la farasi, watu wanapiga makofi. Bukini amefungwa utepe shingoni. Kumbe selotepu ya mpiga picha haikutupotezea kitu.

Lile sharti Shangazi alilitunga mwenyewe, na siyo ukumbini akiwa na miaka sitini. Alitusimulia saa tatu asubuhi, siku ya harusi yake, shingo imeinamishwa na msusi, wageni wameshaanza kujaa uani. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia ila watoto wawili walioketishwa mbele ya deki. Nililia pale kwenye cherehani. Mteja akaingia, akaniona, akadhani nimeliunguza gauni lake kwa pasi, akaanza kulia na yeye.

Nilipomaliza naye nilifunga karakana mapema, nikaenda. Njiani nilijikagua: sihitaji ngazi, sihitaji pasi. Nilikuwa na swali moja, na swali ni shida kama shida nyingine, kwa hiyo nililiacha pale penye bomba linalovuja. Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi, Shangazi."

"Una shida gani?"

"Sina."

"Hata ngazi?"

"Hata ngazi."

"Basi sukuma," alisema. "Mlango uko wazi."

Nikasukuma. Ulikuwa umekomewa. Nikasikia anacheka huko ndani, halafu ndara zake zikaanza kuja mlangoni, polepole, kwa sababu ya magoti.